Kutoka Reims Hadi Rufiji: Zama Ndege Ilipokuwa Tamasha

Mtu wa kwanza kuandika kwa kirefu kwamba ameiona ndege ikiruka, ikizunguka na kurudi ilikoanzia alikuwa mfuga nyuki. Aliitwa Amos Root, mkazi wa jimbo la Ohio, Marekani, na alikuwa na jarida lake la wafugaji nyuki. Tarehe 20 Septemba 1904 alisimama pembeni ya malisho ya ng'ombe nje ya mji wa Dayton, akamtazama Wilbur Wright akikata kona angani mpaka duara likatimia. Habari hiyo aliichapisha Januari 1905, humo humo kwenye jarida la asali na mizinga. Magazeti makubwa ya nchi ile yalikuwa bado hayajaona cha kuandika.

Mimi ni mwanafunzi wa historia, mwaka wa pili, na likizo hii nilirudi nyumbani Gongo la Mboto nikiwa na nia ya kusoma kuhusu baiskeli. Nilitaka kujua watu wa miaka ya 1900 walifurahia nini, walitoa pesa zao kutazama nini, na baiskeli ilikuwa na nafasi gani katika furaha hiyo. Maktaba kubwa za Ufaransa na Marekani zimeweka mtandaoni magazeti ya zamani, postikadi na mabango, na mtu mwenye simu na bando la usiku anaweza kuyafungua akiwa kitandani. Baiskeli ndizo zilizonipeleka kwenye ndege. Wilbur Wright niliyemtaja na ndugu yake Orville, waundaji wa ile ndege ya Dayton, walikuwa na duka la baiskeli. Glenn Curtiss alishindana kwa baiskeli, kisha kwa pikipiki, kabla ya kuunda ndege. Henri Farman wa Paris alikuwa bingwa wa baiskeli. Bruno Büchner, Mjerumani, vilevile, na huyu nitamrudia kwa sababu safari yake iliishia Dar es Salaam.

Kadiri nilivyosoma ndivyo nilivyoona jambo ambalo vitabu vyetu vya shule hulipita kwa sentensi moja. Kwa takriban miaka kumi, kuanzia 1903 hadi vita vya 1914, ndege haikuwa chombo cha usafiri. Haikubeba mzigo wa maana wala abiria wa kuhesabika. Kazi yake ilikuwa kutazamwa. Walioilipia ni wenye magazeti, wenye maduka, watengenezaji wa mvinyo na soda, na watu wa kawaida waliosimama foleni na kiingilio mkononi. Nadhani bila kulijua hilo hatuwezi kuelewa jinsi ndege ilivyofika kwetu.

Nina mjomba ambaye ni fundi baiskeli, banda lake liko karibu na kituo cha daladala. Nilimpelekea picha ya ndege ya Wright ya mwaka 1903. Nilitarajia aangalie mabawa. Yeye aliivuta picha kwa vidole viwili kwenye kioo cha simu akasema, "Mwanangu, hii si cheni?"

Ni cheni kweli. Ile ndege ilikuwa na injini ndogo ya nguvu za farasi 12, iliyoundwa na fundi wao wa dukani, Charlie Taylor, nayo ilizungusha propela mbili zilizokaa nyuma ya mabawa kwa cheni na sproketi, kama pedeli inavyozungusha gurudumu la nyuma. Walitaka propela hizo zizunguke kinyume, moja kulia na nyingine kushoto, ili msukosuko wa moja uifute nyingine. Kwa hiyo cheni moja waliivusha ikajipinda mfano wa namba 8. Mjomba alichukua cheni chakavu akaijaribu palepale kwenye meza yake. Akasema cheni iliyokatishwa hivyo itachezacheza na kujikwaruza, isipokuwa ukiipitisha ndani ya bomba. Nikamwonyesha sehemu nyingine ya picha: cheni za Wright zimepitishwa ndani ya mabomba. Alifurahi mno, na mimi nilifurahi zaidi yake, kwa sababu fundi wa Gongo la Mboto alikuwa amefikia suluhisho lilelile la mafundi wa Dayton kwa akili yake mwenyewe.

Baiskeli iliwapa jambo kubwa kuliko cheni. Wabunifu wengi wa Ulaya walidhani ndege nzuri ni ile inayojiweka sawa yenyewe, na rubani awe kama nahodha anayegeuza usukani tu. Muuza baiskeli anajua kwamba baiskeli haijiweki sawa. Ukiiachia inaanguka, anayeipanda ndiye anayeisawazisha kila nukta, na akifika kwenye kona analala nayo. Mwaka 1899, Wilbur akiwa dukani, alishika boksi tupu la tyubu akawa analipindapinda mikononi, akaona upande mmoja unainuka na mwingine unashuka. Hapo akapata namna ya kuyapinda mabawa yenyewe ili rubani aweze kuinamisha ndege atakavyo. Wengine walikuwa na injini zenye nguvu na fedha nyingi. Hili hawakuwa nalo.

Fedha nyingi alikuwa nazo Profesa Samuel Langley wa Washington, aliyepewa na Wizara ya Vita ya Marekani dola 50,000. Chombo chake kilirushwa mara mbili kutoka juu ya mashua katika mto Potomac, tarehe 7 Oktoba na 8 Desemba 1903, na mara zote mbili kikatumbukia mtoni mbele ya waandishi wa habari. Magazeti yalimcheka mzee wa watu bila huruma. Siku tisa baada ya ajali ya pili, ndugu wa Wright wakaruka kwenye mchanga wa Kill Devil Hills, Carolina Kaskazini. Mara ya kwanza ilikuwa sekunde 12 na mita 37, mara ya nne sekunde 59 na mita 260. Walioshuhudia walikuwa watu watano tu. Mhariri gani, baada ya kumcheka profesa kwa wiki nzima, angeamini kwamba mafundi baiskeli wameweza? Ukimya wa magazeti ulitokana na hapo. Nao wenyewe hawakusaidia, kwani walificha kazi yao kwa miaka wakisubiri hataza na wanunuzi.

Paris mambo yalikuwa kinyume kabisa. Huko aliishi Mbrazili tajiri, mwembamba, mwenye kola ndefu na kofia ya pama, Alberto Santos-Dumont. Tarehe 19 Oktoba 1901 alizunguka Mnara wa Eiffel kwa puto refu lenye injini, jiji zima likiwa limeinua shingo, akashinda zawadi ya faranga 100,000. Hakuziweka mfukoni. Alizigawa kwa mafundi wake na kwa maskini wa Paris. Vijana waliiga kola yake. Alipomlalamikia rafiki yake Louis Cartier kwamba akiwa angani hawezi kuchomoa saa mfukoni, Cartier akamtengenezea saa ya mkononi, mwaka 1904. Tarehe 12 Novemba 1906 akaruka mita 220 kwa ndege yenye magurudumu, hadharani, mbele ya waamuzi wa klabu ya anga.

Kwa Wabrazili wengi hadi leo huyu ndiye aliyeruka kwanza, na hoja yao naiheshimu. Wright alitangulia angani, hilo ushahidi wake ni mkubwa. Ila kama swali ni nani aliifanya ndege iwe mali ya watu, kitu cha kuimbwa, kuchorwa na kuigwa mitaani, jibu langu ni Santos-Dumont.

Wilbur mwenyewe hatimaye alilazimika kuja kwa watu. Tarehe 8 Agosti 1908, katika uwanja wa mashindano ya farasi karibu na Le Mans, Ufaransa, aliruka kwa muda usiofika dakika mbili. Wafaransa waliokuwa wakimwita mwongo walibaki midomo wazi, maana hawakuwahi kuona ndege ikiinama kwenye kona kama ndege hai. Katika miezi iliyofuata watu walimiminika kule kwa treni na magari. Oktoba 7 akampakia Edith Berg, mke wa wakala wake. Sketi za wakati ule zilikuwa pana na ndefu, basi wakamfunga kamba chini ya magoti upepo usimvue heshima. Inasimuliwa kwamba aliposhuka alitembea hatua chache kamba ikiwa bado imefungwa, na washonaji wa Paris wakapata hapo sketi ya kubana iliyotamba miaka iliyofuata. Iwe kweli au chumvi ya wasimulizi, kwamba watu walikuwa tayari kuamini mtindo wa nguo umetoka kwenye ndege kunatosha kuonyesha ndege ilikuwa imewaingia kiasi gani.

Kisha ukaja mwaka 1909, na huu nimeusoma kuliko mingine yote.

Gazeti la Daily Mail la London, mali ya Lord Northcliffe, lilitangaza pauni 1,000 kwa atakayevuka bahari kwa ndege kati ya Ufaransa na Uingereza. Northcliffe alielewa biashara yake vizuri. Zawadi inatolewa siku moja, lakini kuisubiri kunauza magazeti kwa wiki nyingi: hali ya hewa leo, rubani gani amefika pwani, nani ameumwa, nani ameahirisha. Hubert Latham alijaribu tarehe 19 Julai, injini ikazima, akatua majini. Waliokwenda kumwokoa walimkuta ameketi juu ya ndege yake inayoelea, anavuta sigara. Picha hiyo ilimfanya kipenzi cha watu japokuwa alishindwa.

Alfajiri ya tarehe 25 Julai, Louis Blériot aliondoka karibu na Calais. Alikuwa mtengenezaji wa taa za magari aliyemaliza karibu mali yake yote kwa kuunda ndege zilizoanguka. Mguu wake ulikuwa umeungua, alifika kwenye ndege kwa magongo. Hakuwa na dira. Injini ilikuwa ya nguvu za farasi 25, na katikati ya bahari alipoteza kuona nchi kavu upande wowote. Baada ya kama dakika 37 alitua kwa kishindo kwenye majani karibu na ngome ya Dover. Ndani ya mwaka huo akapokea maagizo ya ndege zaidi ya mia moja.

Ndege yenyewe ilipelekwa wapi? Ilipelekwa dukani. Selfridges, duka kubwa la London lililofunguliwa Machi mwaka uleule, liliichukua na kuiweka ndani, kiingilio bure. Makumi ya maelfu ya watu walipita kuitazama ndani ya siku chache, wakitoka hapo waone na soksi, manukato na vyombo vya chai. Nilikaa muda mrefu na picha za tukio hilo. Katika kundi lile kuna wahudumu wa ofisini, akina mama na watoto, watu ambao hawangeweza kununua hata tairi lake. Walichotaka ni kuwa karibu nayo, waweze kusema kesho kwamba wameiona.

Mwezi uliofuata, Agosti 22 hadi 29, wafanyabiashara wa mvinyo wa shampeni waligharamia wiki nzima ya ndege kwenye uwanda wa Bétheny, nje ya mji wa Reims. Palijengwa majukwaa, mgahawa mkubwa na bao kubwa la matokeo. Rais wa Ufaransa alikuja. Watu waliofika kwa siku zote wanakadiriwa kufikia nusu milioni. Henri Farman alishinda kwa umbali, kilomita 180 bila kutua. Glenn Curtiss, Mmarekani pekee, alishinda kombe la mwendo kwa tofauti isiyofika sekunde 6 dhidi ya Blériot. Msomaji ayashike majina hayo mawili, Farman na Curtiss.

Baada ya Reims kila mji ulitaka wiki yake. Brescia, Italia, ilifanya yake Septemba, na kati ya watazamaji alikuwepo karani kijana kutoka Prague, Franz Kafka, baadaye mwandishi mashuhuri, aliyeandika ripoti ya gazeti kuhusu siku hiyo. Wapiga picha wa studio nao hawakubaki nyuma. Walichora ndege kwenye mbao, wakaacha nafasi ya kukaa, na familia zikaja kupigwa picha "zikiwa angani", baba kashika usukani, bibi kafunga kofia kwa skafu, na chini imechorwa miji midogo. Postikadi hizo ndizo ninazozipenda kuliko kitu chochote nilichokiona likizo hii. Wapiga picha wa kivuko cha Likoni, Mombasa, walifanya hivyohivyo miaka ya 1990, kwa mapazia yaliyochorwa ndege na meli. Hamu ni ileile, na wala si hamu ya kijinga. Mtu anayelipia picha ya kupanda ndege asiyoweza kuipanda anasema waziwazi kwamba na yeye ana haki ya anga.

Lakini umati una upande mwingine, na siwezi kuuruka. Ralph Johnstone alikuwa mcheza baiskeli wa majukwaani huko Marekani, akazunguka na michezo ya hatari kabla ya kuajiriwa na ndugu wa Wright katika kikosi chao cha maonyesho. Marubani hao walilipwa dola 20 kwa wiki, na dola 50 kwa siku waliyoruka. Kampuni ilipokea dola 1,000 kwa kila siku ya kila rubani. Tarehe 17 Novemba 1910, mjini Denver, bawa lilivunjika akiwa katika mzunguko wa kuteremka, akaanguka mbele ya maelfu. Watu walivunja uzio wakakimbilia mabaki. Hawakwenda kumsaidia. Walikwenda kuchukua vipande vya mbao na vitambaa viwe kumbukumbu, na wengine walimvua glavu mikononi. Kijana wa baiskeli aliyewachekesha watu maisha yake yote akafanyiwa hivyo. Nilifunga simu usiku ule, sikusoma tena.

Tiketi za kutazama hatari ziliendelea kuuzwa. Wanawake nao wakaingia, na walipiganiwa na magazeti kwa sababu picha zao ziliuza. Raymonde de Laroche, mwigizaji wa jukwaani wa Paris, alikuwa mwanamke wa kwanza duniani kupata leseni ya urubani, tarehe 8 Machi 1910. Harriet Quimby, mwandishi wa gazeti la New York, alikuwa wa kwanza Marekani, Agosti 1911. Alivaa vazi la urubani la satini ya zambarau. Alijua kuandika, alijua kupigwa picha, na alijua kuruka. Tarehe 16 Aprili 1912 alivuka bahari ileile ya Blériot peke yake, mwanamke wa kwanza kufanya hivyo, na habari yake ikamezwa, kwa maana usiku wa kuamkia siku iliyotangulia Titanic ilikuwa imezama. Tarehe 1 Julai mwaka huohuo alianguka karibu na Boston, watu wakitazama, akafa. Nadhani Quimby angekuwa maarufu leo kama Amelia Earhart, yule rubani mwanamke wa Marekani, lau angevuka wiki moja kabla.

Soda pia ilipata ndege yake. Cal Rodgers alivuka Marekani kutoka New York hadi Pasadena, Septemba hadi Novemba 1911, kwa siku 49, ndege ikiwa na jina la soda ya zabibu kwenye mabawa na treni ya vipuri ikimfuata chini. Alianguka mara nyingi hivi kwamba alifika na vipande vichache tu vya ndege aliyoanza nayo.

Sasa tuje nyumbani.

Serikali ya Wajerumani ilipanga maonyesho makubwa Dar es Salaam mwezi Agosti 1914. Reli ya Kati ilikuwa imefika Kigoma mwaka uleule na walitaka kuringa. Bruno Büchner, yule bingwa wa baiskeli aliyegeuka rubani, alitoka Afrika ya Kusini-Magharibi ya Wajerumani, yaani Namibia ya leo, alikokuwa akirusha ndege, akaileta ndege yake Dar es Salaam kwa ajili ya maonyesho hayo. Hebu fikiria ingekuwaje: wiki ya ndege ya mtindo wa Reims, kwenye pwani yetu. Agosti ikaja na vita. Maonyesho yakafutwa, na ndege iliyoletwa kutazamwa ikachukuliwa na jeshi.

Upande wa Waingereza hadithi ni hiyohiyo. Manowari ya Kijerumani Königsberg iliizamisha meli ya Kiingereza Pegasus bandarini Zanzibar tarehe 20 Septemba 1914, kisha ikajificha katika delta ya Rufiji, ndani ya mikoko, mahali ambapo kutoka baharini haionekani. Waingereza walihitaji jicho la juu. Jeshi la Majini likamkodi rubani raia aitwaye Cutler, aliyekuwa akifanya maonyesho Durban, Afrika Kusini, pamoja na ndege yake inayotua majini. Ilikuwa Curtiss. Walimleta hadi kisiwa kidogo cha Nyororo, karibu na Mafia. Joto liliishinda rejeta ya ndege, ikabidi itafutwe ya gari la Ford kutoka Mombasa. Novemba 1914 Cutler aliiona Königsberg kati ya mikoko. Desemba injini ilimwangusha mtoni, Wajerumani wakamteka.

Ndege za Sopwith zilizoletwa baada yake hazikufaa kitu. Gundi iliachia kwa unyevu, propela zikabanduka, mashine hazikuweza kupanda juu. Mwaka 1915 Waingereza, wakiwa wameshaiteka Mafia, walifyeka uwanja wa ndege kisiwani na kuleta ndege nyingine. Niliposoma ni zipi, niliinuka kitandani. Zilikuwa za Henri Farman mbili na za Caudron mbili. Farman wa Reims! Tarehe 11 Julai 1915 Farman moja, ikiwa na rubani Cull na mtazamaji Arnold, iliruka juu ya delta ikiwaelekeza kwa simu ya upepo wapiga mizinga wa meli Severn na Mersey: fupi, ndefu, kushoto, kulia. Ilipigwa, injini ikafa, na ikishuka Arnold aliendelea kutuma masahihisho mpaka wakatua mtoni. Siku hiyo Königsberg iliangamia. Mzinga wake mmoja uko Fort Jesus, Mombasa, unaweza kwenda kuugusa.

Kwa hiyo watu wa Mafia na Rufiji waliziona ndege zilezile ambazo Ulaya ilizishangilia, miaka sita tu baada ya Reims. Tofauti ni kwamba hawakuwekewa jukwaa. Hawakuuziwa postikadi. Hakuna studio iliyowachorea ndege ya mbao wakae na wake zao. Wao ndege iliwajia ikiwa jicho la mizinga, katika vita vilivyoua wapagazi wetu kwa makumi ya maelfu. Huko kwingine watu walipewa miaka kumi ya kuipenda kabla haijaanza kuwaua. Sisi hatukupewa hata wiki moja ile ya Agosti.

Wajerumani nao walijaribu. Novemba 1917 Zeppelin L59, puto refu lenye injini, iliondoka Jamboli, Bulgaria, ikiwa na tani kama 15 za dawa, risasi na vifaa kwa jeshi la Lettow-Vorbeck, kamanda wa Wajerumani huku Afrika Mashariki. Ilipangwa isirudi: kitambaa chake kishonwe mahema na nguo, mifupa yake iwe minara ya redio. Ilifika juu ya Sudan, ikaitwa irudi, na ilipotua ilikuwa imesafiri kilomita 6,757 kwa saa 95.

Jina la Caudron lilinipeleka mahali pengine. Ndugu wawili wa Caudron, waundaji wa ndege hizo, walikuwa na shule ya urubani Le Crotoy, kaskazini mwa Ufaransa. Raymonde de Laroche alifia Le Crotoy katika ajali ya ndege, Julai 1919. Mwaka uliofuata akafika hapo hapo msichana Mweusi kutoka Chicago, Bessie Coleman, aliyezaliwa Texas mwaka 1892. Alikuwa akifanya kazi ya kupaka watu kucha katika saluni. Shule za Marekani zilimkataa kwa rangi yake na kwa uanamke wake. Robert Abbott, mwenye gazeti la Chicago Defender, alimshauri aende Ufaransa, basi akajifunza Kifaransa na kuweka akiba. Ufaransa tayari ilikuwa imemwona Eugene Bullard, bondia Mweusi kutoka Georgia, Marekani, aliyepigana upande wa Ufaransa huko Verdun katika Vita vya Kwanza vya Dunia, akapata leseni ya urubani mwaka 1917, kisha akawa mpiga ngoma wa jazi mjini Paris. Coleman alipata leseni yake tarehe 15 Juni 1921.

Alirudi Marekani akafanya kazi iliyokuwepo: maonyesho. Ni umati uleule wa Denver, kiu ileile ya hatari. Lakini alijua thamani yake kwa umati, na aliitumia. Filamu moja ilipomtaka aanze kwa kuonekana katika nguo zilizochakaa, aliondoka. Mwaka 1925, huko Waxahachie, Texas, mji aliokulia, waandaaji walitaka Weupe waingie kwa mlango wao na Weusi kwa mlango wao. Akasema hatapanda ndege mpaka wote wapite mlango mmoja. Walikubali mlango, ingawa ndani bado waliwakalisha mbalimbali.

Tarehe 30 Aprili 1926, Jacksonville, Florida, spana iliyosahaulika ilikwama kwenye vyuma vya kuongozea ndege. Coleman alichomoka kwenye kiti na kuanguka. Fundi wake aliyekuwa akiendesha alikufa naye. Alikuwa bado anakusanya fedha za kufungua shule ya urubani kwa Weusi. William Powell, aliyekuwa mwanajeshi katika Vita vya Kwanza vya Dunia, alianzisha klabu ya urubani Los Angeles akaipa jina la Bessie Coleman, na mwaka 1931 klabu hiyo ikaandaa maonyesho ya ndege ya marubani Weusi. Watu walikuja kwa maelfu.